Shangazi wa Maua Anajibu: Waridi la Njano, Marashi ya Msibani na Mawaridi ya Watakatifu

Februari ikipita, barua hujaa mezani pangu. Mwaka huu nyingi zimeuliza kuhusu waridi: maana yake, hadithi zake zimetoka wapi, na kama ni kweli kwamba ukikosea rangi umeharibu kila kitu. Nimechukua chache. Kwa mnaosoma safu hii kwa mara ya kwanza, mimi ni muuza maua wa Mombasa. Nafunga vikuba vya asumini na rihani, nafunga mashada ya mawaridi yanayoshuka kwa basi la usiku kutoka bara, na wateja wakipungua nafungua kitabu.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mchumba wangu yuko Dar es Salaam, mimi niko Tanga. Siku yangu ya kuzaliwa aliniletea shada la mawaridi ya njano. Nilifurahi sana, mpaka rafiki yangu aliponionyesha kwenye simu kwamba njano ni wivu na mapenzi yanayopoa. Ndoa yetu ni Mfungo Mosi. Sijamwambia neno mchumba wangu, lakini moyo umeingia doa. Nifanyeje?
Bibi harusi mtarajiwa, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alichokuonyesha rafiki yako kimeandikwa kweli. Ila waridi lenyewe halikusema hivyo. Yamesemwa na vitabu, na umri wa vitabu hivyo unajulikana.

Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, alifika Istanbul pamoja na mumewe. Katika barua zake alieleza mtindo wa kule wa kupelekeana ujumbe wa mapenzi bila kuandika: mtu hufungasha vitu vidogo vidogo, na kila kitu kina ubeti wake. Kwenye orodha aliyoituma kuna lulu, karatasi, sabuni, mkaa, mdalasini, pilipili, waridi, na karafuu pia imo, jambo lililonifurahisha mno nilipoisoma. Maana ya kitu haikutokana na sura yake wala rangi yake. Ilitokana na kina: jina la kitu lilifanana kwa sauti na neno la ubeti, na asiyejua ubeti hakuambulia kitu. Sisi tuliokulia kwenye kanga tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Unatumiwa kanga, unasoma jina lake, unajua umeambiwa nini na nani.

Ulaya waliupenda mchezo huo, lakini ubeti wakauacha, wakabaki na maua. Mwaka 1819 kilichapishwa Paris kitabu cha lugha ya maua kwa jina la Charlotte de Latour. Baada yake vikaja vingine vingi, Ufaransa, Uingereza na Marekani, hasa enzi za Malkia Victoria. Waandishi wake walinakiliana, na wasiponakiliana walipingana, hata ua moja likawa na maana tatu kwenye vitabu vitatu. Huko ndiko njano ilikopewa wivu na mapenzi yanayopungua.

Kwa nini njano? Kwanza, Ulaya rangi hiyo ilikuwa na sifa mbaya tangu kale. Wachoraji wengi walimvika Yuda Iskariote vazi la njano ili mtazamaji amtambue msaliti mara moja. Pili, mawaridi ya njano iliyokolea yalikuwa adimu kwenye bustani zao. Lile walilokuwa nalo lilitoka Asia ya Magharibi, na wataalamu wa mimea waliliita Rosa foetida kwa ajili ya harufu yake, ambayo pua nyingi haziipendi. Ndipo bwana mmoja wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, alipolizalisha na mawaridi mengine kwa subira ya miaka mingi, hata mwaka 1900 akatoa waridi aliloliita Soleil d'Or. Mawaridi mengi ya njano na ya rangi ya chungwa tunayouza leo ni kizazi chake. Njano ilipokuwa nyingi na nzuri, wauzaji wakaipa maana nyingine kabisa: urafiki, furaha, kumtakia mgonjwa afya. Kwa hiyo orodha za leo zinapingana na za miaka 150 iliyopita, na rafiki yako amekusomea moja tu kati ya hizo.

Kumbuka pia njia ambayo maua hayo yamepita. Mawaridi mengi yanayouzwa Ulaya siku hizi yanatoka kwetu, Naivasha na nyanda nyingine za juu za Kenya, ambako baridi ya mwinuko na jua la ikweta hulipa waridi shina refu na tumba kubwa. Wanaoyakata huyapanga kwa urefu wa shina na ukubwa wa tumba. La njano na jekundu hupanda ndege moja. Maana huongezewa huko mbele.

Na lile jekundu ambalo pengine rafiki yako angelipitisha, nalo lina historia nzito. Wagiriki wa kale walilipa waridi Aphrodite, mungu wao wa mapenzi. Mshairi wao Bion alisimulia kwamba Adonis, kipenzi cha Aphrodite, alipouawa na nguruwe mwitu, damu yake ilizaa waridi, na machozi ya Aphrodite yakazaa ua la anemone. Wengine wakasema mawaridi yote yalikuwa meupe, mpaka Aphrodite alipochomwa na miiba akimkimbilia Adonis anayekufa, na damu ya mguu wake ikayatia wekundu. Ukilifuata jekundu mpaka kwenye mzizi wa hadithi, unakuta msiba. Mbona hakuna binti anayelirudisha?

Sasa la kufanya. Muulize mchumba wako kwa uso mkunjufu: "Mbona ulichagua njano?" Vijana wanaoingia dukani kwangu huchagua kwa macho, lile lililochanua vizuri siku hiyo. Wengine hukumbuka kwamba binti alivaa njano siku walipoonana mara ya kwanza, au kwamba mama yake ana ua la rangi hiyo barazani. Sababu kama hizo huzipati kwenye orodha yoyote ya simuni, na ndizo za kweli. Usiingie ndoani na neno moyoni ambalo swali moja lingeliondoa.

SWALI: Shangazi, mimi ni mtu wa Dodoma, nimeoa Pemba. Tulipomzika baba mkwe niliona wakinyunyiza marashi ya waridi kwenye sanda, kisha juu ya kaburi. Miezi michache baadaye, kwenye maulidi, kijana alipita na chupa ileile ya shingo ndefu akitunyunyizia viganjani, na watu wakijipangusa nyusoni kwa furaha. Niliona haya kuwauliza wakwe zangu. Kwa nini harufu ya kilio na ya sherehe iwe moja?
Mkwe wa Wete

JIBU: Karibu, bwana. Swali lako nimelipenda kuliko yote ya mwezi huu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Chupa uliyoiona ni mrashi. Zipo za shaba, za fedha na za kioo, na nyumba nyingi za pwani zina moja kabatini hata kama haina kingine cha thamani. Pwani yetu waridi tumelizoea zaidi likiwa maji. Asumini, kilua, mkadi na rihani tunavivaa, tunavitia kwenye nywele, tunavitandaza kitandani kwa bibi harusi. Waridi humo kwenye kikuba huwa linashiriki tu. Heshima yake kubwa imo ndani ya mrashi.

Maji hayo tuliyapata kwa watu wa Ghuba, waliokuja na majahazi ya msimu wakileta marashi pamoja na tende. Hadi leo Oman wanayatengeneza kwenye Jabal Akhdar, mlima wenye vijiji vilivyoko karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako mashamba ya mawaridi yamekatwa kama ngazi ubavuni mwa mlima na kumwagiliwa kwa mifereji ya falaji. Ua lenyewe ni lile la waridi lenye petali nyingi, wataalamu huliita Rosa damascena. Huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei tu. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijaiba harufu. Petali hutiwa kwenye vyungu ndani ya jiko la udongo, na juu ya kila chungu huwekwa bakuli lenye maji baridi. Mvuke ukipanda na kugusa ubaridi wa bakuli hugeuka matone, matone hudondokea kwenye chombo kilichotegwa ndani. Kisha marashi huachwa yatulie kabla ya kutiwa chupani. Yale ya jiko la kuni yana moshi kidogo ndani ya harufu. Mimi nayapenda hayo kuliko ya mtambo, na mzee yeyote wa Unguja aliyeyazoea atakwambia hivyohivyo.

Sasa kwa nini msibani na kwenye maulidi? Tazama wakati yanaponyunyizwa. Kwenye maulidi mrashi hupita wakati wa kiyamu, watu wanaposimama kumswalia Mtume. Ni kama wanampokea. Nyumbani kwa Waarabu wa Ghuba, mgeni akishakula halua na kunywa kahawa huletewa udi na marashi, nao wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Hapo mgeni anasindikizwa. Bibi harusi hunyunyiziwa akiingizwa na akitolewa. Na marehemu baba mkwe wako alikuwa anasindikizwa safari asiyorudi. Kwa ninavyoona mimi, marashi humfuata mtu anayepokelewa au anayeagwa kwa heshima. Furaha na huzuni huja na watu wenyewe.

Desturi hii ya kulitukuza jambo kwa maji ya waridi imeenea kwa Waislamu wengi. Sultani Salahuddin alipoichukua Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, mwaka 1187, Kuba la Mwamba lilioshwa kwa marashi ya waridi. Na Al Kaaba huoshwa kwa maji ya Zamzam yaliyochanganywa na marashi ya waridi. Mji wa Taif, ulioko milimani juu ya Makka, unajulikana kwa mawaridi yanayotumika kwa kazi hiyo.

Jambo moja ulijue ili usichanganye mila na sheria. Katika kuosha maiti, hadithi ya Mtume inataja maji ya mkunazi na kafuri. Marashi ya waridi kwenye sanda na kaburi ni mila ya watu wetu. Na haya yako ya kuuliza yaweke kando: muulize mama mkwe, umwombe akuonyeshe mrashi wa nyumba yao ulitoka wapi. Utamfurahisha mno.

SWALI: Assalaam alaykum, Shangazi. Nafundisha watoto madrasa. Mmoja ameniuliza kama kweli waridi liliota kutokana na jasho la Mtume usiku wa Miraji, maana bibi yake amemwambia hivyo. Nimjibuje bila kumvunjia bibi heshima?
Ustadh, Kigoma

JIBU: Waalaykum salaam, Ustadh. Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini kwa kuwa umeuliza: wanavyuoni wa hadithi wameikataa riwaya hiyo, na Imam Nawawi na Ibn Hajar ni miongoni mwao. Mwambie mtoto hivyo waziwazi.

Kisha mpe kilicho sahihi, kwa sababu bibi hakutoa mapenzi yake hewani. Katika Sahih Muslim imo habari ya Ummu Sulaym, aliyekuwa akikusanya jasho la Mtume alipolala nyumbani kwake na kulichanganya na manukato yake, na Mtume alipomuuliza akamwambia kwamba ndiyo manukato mazuri kuliko yote. Mtoto akiisikia hiyo atajua bibi yake alikuwa anasogelea jambo gani.

Ipo na hadithi ya Nabii Ibrahim na moto wa Namrudi. Qurani, katika Suratul Anbiyaa aya ya 69, inasema moto uliamrishwa uwe baridi na salama kwa Ibrahim. Bustani ya mawaridi katikati ya moto huo ni nyongeza ya washairi na wasimulizi, hasa Waajemi na Waturuki. Mji wa Urfa, Uturuki, una bwawa la samaki watakatifu ambalo watu husema ndipo mahali penyewe. Waajemi hao ndio waliotupa pia bulbuli anayelililia waridi usiku kucha na kujichoma kifua kwenye mwiba wake mpaka damu yake ikalipaka rangi. Ni picha nzuri za mashairi. Mtoto anaweza kuzipenda zikiwa mashairi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi. Parokiani kwetu kuna sanamu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu akiwa amekumbatia msalaba na mawaridi. Bibi yangu husema ukisali novena yake na ukapata waridi kabla siku tisa hazijaisha, umejibiwa. Jirani yetu anasema mwenye mawaridi ni Mtakatifu Rita. Nani yuko sahihi?
Mjukuu, Moshi

JIBU: Salamu yako nimeipokea kwa heshima, mjukuu wangu. Wote wawili wako sahihi, na watakatifu wenye mawaridi hawaishii hapo.

Teresa alikuwa mtawa Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Katika ugonjwa wake alisema kwamba baada ya kifo chake atanyesha mvua ya mawaridi, akimaanisha neema atakazowaombea watu akiwa mbinguni. Ndiyo maana ya mawaridi yaliyo mikononi mwake. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akafanywa msimamizi wa misheni pamoja na Fransisko Ksaveri, ingawa tangu aingie monasteri hakutoka. Usishangae, basi, kwamba parokia nyingi zilizoanzishwa na wamisionari Afrika Mashariki na Kongo zina sanamu yake.

Rita ni wa zamani zaidi, wa Cascia nchini Italia. Alikuwa mke, mumewe akauawa, akawa mjane, kisha akaingia utawani kwa Waagustino. Inasimuliwa kwamba akiwa mgonjwa kitandani, jamaa yake alimtembelea na kumuuliza anataka nini kutoka kwao Roccaporena. Akasema: waridi kutoka bustanini. Ilikuwa Januari, milima yote theluji. Jamaa akaenda akiamini mgonjwa anaweweseka, akakuta waridi moja limechanua. Sikukuu yake ni Mei 22, na siku hiyo kwenye makanisa mengi ya Waagustino mawaridi hubarikiwa na waumini huwapelekea wagonjwa wao. Nina mteja, mama mtu mzima, anayenunua waridi moja kila mwaka siku hiyo na kulipeleka wodini kwa mgonjwa asiye na mtu wa kumtembelea. Mimi si Mkristo, lakini waridi hilo huwa nalichagua mwenyewe kwenye ndoo.

Ninayempenda zaidi ni Elizabeti wa Hungaria. Alikuwa binti wa mfalme, akaolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia, wakaishi ngome ya Wartburg. Watu husimulia kwamba siku moja alikuwa anateremka na mikate ndani ya vazi lake kuwapelekea maskini, wakati ambapo watu wa nyumba ya mumewe walikuwa wakilalamika kwamba anamaliza mali. Akasimamishwa, akaulizwa amebeba nini. Alipofunua, hapakuwa na mkate. Palikuwa na mawaridi. Wasimulizi wengi humtia Ludwig kwenye nafasi ya mwenye hasira, nami naona wanamwonea, kwani habari za maisha yao zinamwonyesha akimuunga mkono mkewe. Ludwig alifariki mwaka 1227 akiwa njiani kwenda vita vya msalaba. Mjane huyo alijenga hospitali Marburg na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake mpaka alipofariki mwaka 1231, naye akiwa na miaka 24 kama Teresa. Hadithi hiyohiyo ya mikate husimuliwa juu ya Elizabeti wa Ureno, aliyekuwa wa ukoo wake.

Na Mexico, mwaka 1531, Juan Diego alitumwa kwa askofu na Bikira Maria aliyemtokea kwenye kilima cha Tepeyac. Askofu akataka ishara. Ilikuwa Desemba, na kilima kile hakikuwa cha maua, lakini Juan Diego alikuta mawaridi akayakusanya kwenye shuka lake. Alipolifunua mbele ya askofu, mawaridi yakamwagika, na kwenye shuka ikaonekana picha inayoheshimiwa hadi leo Guadalupe.

Ukiziweka hadithi hizi pamoja utaona waridi huja mahali lisipotarajiwa, na mara nyingi mbele ya mtu anayedai ushahidi. Kuhusu masharti ya bibi ya siku tisa, hilo lipeleke kwa paroko wako. Mimi ni wa maua. Ila kama bibi yu hai na anasali novena hiyo, hakuna kinachokuzuia wewe kumpelekea waridi.

SWALI: Shangazi, ninaishi Hannover na watoto wawili waliozaliwa huku. Nataka kuwapeleka mahali penye hadithi ya maua, si makumbusho tu. Una la kunishauri?
Mama wa mapacha, Ujerumani

JIBU: Hildesheim, dada yangu. Ni jirani kwako, mwendo mfupi kwa treni. Nyuma ya kanisa kuu la mji kuna waridi-pori linaloparamia ukuta, nalo huitwa waridi la miaka elfu.

Wasimulie watoto hivi. Karibu mwaka 815, Mfalme Louis Mchamungu alikuwa anawinda, misa ikasomwa porini, na masalia matakatifu yakatundikwa kwenye kichaka cha waridi. Yakasahaulika. Waliporudi kuyachukua, kichaka kikakataa kuyaachia. Mfalme akaamuru kanisa lijengwe hapohapo. Hiyo ni hadithi ya kale. Ya pili ina tarehe kamili: Machi 22, 1945, mabomu yaliuangamiza mji, kanisa likabomoka na waridi likaungua na kufukiwa na vifusi. Mzizi wake ulikuwa hai. Majira yaleyale ya kuchipua ukatoa machipukizi mapya, nayo ndiyo mnayoyaona ukutani.

Nendeni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Huchanua kwa muda mfupi sana, maua yake ni mepesi, ya waridi iliyopauka, petali tano tu, wala hayafanani na ya dukani. Waambie watoto wasichume.

SWALI: Shangazi, kuna waridi jeusi? Na la bluu je? Nataka kumpa mtu.
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Jeusi hasa hakuna. Yapo mekundu yaliyokolea sana, na yale ya Halfeti huko Uturuki yamepata umaarufu kwa weusi wao, lakini ukiyaweka juani wekundu unaonekana. La bluu nalo waridi halina rangi hiyo kwa asili. Kampuni ya Suntory ya Japani ilianza kuuza mwaka 2009 waridi lililobadilishwa vinasaba, nalo limeelekea zaidi urujuani. Ya bluu kali unayoyaona mjini yamenyweshwa au kuchovywa rangi, na yatakuchafua vidole.

Kama huyo mtu anapenda bluu, mpe waridi jeupe zuri lililofungwa utepe wa bluu. Litakaa siku nyingi zaidi ndani ya maji, hasa ukikata ncha ya shina kwa mshazari na kubadilisha maji kila siku.

SWALI: Shangazi, nimeolewa Maskati, nina mimba ya miezi saba. Mama mkwe ana kitu kikavu kama ngumi, anakiita Kaff Maryam, na wengine wanasema ndilo waridi la Yeriko. Anasema siku ya uchungu tutakitia majini, kikifunguka na mimi nitajifungua kwa wepesi. Pia anataka ninywe maji yake. Ni waridi kweli?
Mzanzibari wa Ruwi

JIBU: Mwanangu, Mungu akufikishe salama. Si waridi. Wataalamu huuita mmea huo Anastatica hierochuntica, na ukoo wake ni wa kabichi na haradali. Huota jangwani, kuanzia Afrika Kaskazini hadi Arabuni. Mvua ikikatika hukauka na kukunja matawi yake kuzificha mbegu ndani, na ukipata maji hufunguka tena hata kama umeshakufa zamani. Wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo wa nchi hizo husimulia kwamba Bibi Maryam aliushika mkononi wakati wa uchungu wa kumzaa Isa, na ndiyo sababu umekunjana kama kiganja.

Kukitazama kikifunguka ndani ya bakuli hakuna ubaya wowote. Mama mkwe wako anakupa alichopewa na mama yake, na katika saa zile ndefu ni vizuri kuwa na kitu cha kukodolea macho na mtu wa kukushika mkono. Mkubalie, mweke bakuli karibu nawe.

Kunywa ni jambo jingine. Maji ya mmea uliolowekwa ni dawa kama dawa nyingine, na mimba ya miezi saba si ya kujaribia. Usinywe kabla hujamwonyesha daktari au mkunga wa kliniki yako, na umtajie jina lote kwa Kiarabu. Hapo Maskati watalielewa mara moja. Kama unaona haya kumkatalia mama mkwe, nendeni kliniki pamoja, mumeo naye awepo, ili jibu alisikie kwa mkunga na si kwako.